Kikohozi cha Chai

Mgwashi, Bumbuli
26 Aprili 2020

Mdogo wangu Aron,

Shikamoo yako ya Pasaka ilinifikia nusu, mtandao wa huku milimani ukakata tena kabla sijaitikia. Basi marahaba, ipokee leo kwa karatasi. Mama hajambo, ni yale magoti yake tu wakati wa mvua. Shemeji yako yuko Lushoto na viazi vyake. Watoto shule imefungwa, wanashinda shambani wakijidai wananisaidia kupalilia, kumbe wananimalizia karoti.

Rehema anakusalimu sana. Mkweo mtarajiwa, Mzee Sefania, hajalegeza uzi. Binti yake hapati simu mpaka afunge ndoa, anasema uchumba wa simu hauna aibu. Kwa hiyo nitaendelea kuwabebea salamu zenu, mshenga nisiyelipwa hata kanga. Kifua cha mzee bado kinambana kukiwa na baridi, na huku baridi imeshaanza. Harusi ya Julai tuiache kwanza. Mipaka yenyewe hatujui itakuwaje.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Meneja wa kiwanda cha chai ametoa amri: anayekohoa asiingie kiwandani, arudi nyumbani mpaka apone, na siku hizo hazilipwi. Wewe ulikaa chumba cha kuchekecha kabla hujaenda huko, unajua. Lile vumbi la chai likipanda kutoka kwenye mashine, nani asikohoe? Tungefuata amri, chumba kizima kingefungwa. Wanawake walinijia mimi msimamizi wao, wamefura. Nikaenda kwa meneja nikamwambia, kuna kikohozi cha chai na kuna kikohozi cha ugonjwa, na mimi navitofautisha. Cha chai ni kikavu, kinakushika mashine zikiwaka, ukienda Jumapili kanisani kinakuacha. Alinitazama, akasema, "Basi Modesta, wewe ndiye utakayesema nani aingie."

Tangu hapo kila asubuhi nasimama mlangoni. Mtu anakohoa, nasikiliza, nasema pita au rudi. Mpaka leo nimerudisha mmoja tu, naye alikuwa na malaria. Wananiita daktari, nami nacheka, lakini sikufichi, napenda kuitwa hivyo.

Rehema yuko salama humo chumba cha kuchekecha, nilimwingiza mwenyewe ulivyoniomba na jicho langu liko kwake. Barua hii anakuja nayo Timotheo kwenye lori la chai ya mnada wa Mombasa. Nijibu kwa yeye huyo huyo.

Dada yako,
Modesta


Changamwe, Mombasa
14 Juni 2020

Dada Modesta,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu, na watoto waambie karoti za watu zina mwenyewe. Barua yako imechelewa kwa sababu Timotheo alizuiwa mpakani Horohoro akisubiri majibu ya kipimo, yeye na madereva wengine, wakilala chini ya malori na kuoga kwa maji ya chupa. Alipofika kwangu amekonda. Amesema ukimwona umpe pole kabla ya chai.

Mimi ni mzima. Hapa mji umefungwa, hakuna kutoka wala kuingia Mombasa ila malori ya mizigo. Saa za kafyu zikikaribia watu wanakimbilia feri ya Likoni, na askari wana virungu. Kila jioni tunakaa kwenye redio kusikia idadi ya waliougua leo. Mke wa jirani yangu anazima redio, mume anawasha, ndoa yao yote sasa ni hiyo.

Kazini sijasimamishwa, namshukuru Mungu, ingawa wengi wamerudishwa makwao. Bado niko chumba cha kuonjea, napima chai, namimina vikombe, naosha. Unakumbuka nilivyokueleza waonjaji wanavyovuta chai kwa kijiko kwa kelele kisha wanaitema? Sasa kila mmoja ana kijiko chake nami navichemsha. Bwana Gitonga, mwonjaji mkuu, amevaa barakoa, anaishusha kuonja, anaipandisha, anaishusha. Ungecheka.

Lakini Dada, la mlangoni sikucheka. Sikio si kipimo. Huku tangazo limebandikwa kila ukuta: homa, kikohozi, kubanwa kifua. Kikohozi chenyewe wanasema ni kikavu. Ni kile kile unachokipitisha! Acha kusimama pale, mwambie meneja atafute nesi. Na Rehema mtoe humo, mpe kazi ya kuchuma nje penye hewa. Nakuomba kama mdogo wako, usinikasirikie.

Mwambie Rehema nimemnunulia viatu vya harusi. Avisubiri tu, na mimi anisubiri.

Wako,
Aron


Mgwashi
20 Septemba 2020

Mdogo wangu Aron,

Marahaba. Sisi tu wazima, tena wazima wa kutosha kukucheka. Ugonjwa wenu huo huku tumeusahau. Watoto wako shule tangu Juni mwishoni. Kanisani tunabanana kwenye mabenchi kama zamani, na ndoo ya kunawia pale getini kiwandani imekauka, buibui amejenga ndani. Redio haitaji idadi, watu hawaulizi. Ukimwona mtu na barakoa ujue anatoka Dar au anaficha jino.

Mlangoni bado nasimama. Nilikasirika, ndiyo, nikakaa na barua yako wiki nzima bila kuijibu, kisha lori likaharibika, kisha nikavuna. Nesi gani atakuja Mgwashi kusikiliza vikohozi vya wachekechaji? Miezi yote hii hakuna aliyekufa chumbani kwangu. Rehema nilimwambia kuhusu kuchuma, akakataa. Anasema mvua ya milimani na kikapu mgongoni si mapumziko, na humo ndani yuko na wenzake. Ana kichwa chake, utakoma.

Mzee Sefania amekubali harusi iwe Krismasi. Amechagua na ng'ombe, anamwonyesha kila mgeni, mnyama mwenyewe ameanza kuzoea kusifiwa. Omba likizo mapema.

Timotheo anakuletea mfuko wa chai. Ni ya kwanza baada ya kiangazi, nimeichekecha kwa mikono yangu. Ulisema zamani kwamba ukifungua gunia la kwetu kati ya magunia ya dunia nzima unalijua kwa harufu kabla ya kusoma jina. Haya, niandikie hii inanukiaje.

Modesta


Changamwe
6 Desemba 2020

Dada,

Shikamoo. Natumaini Mama hajambo na wote nyumbani. Nisamehe kuchelewa.

Krismasi sitaweza kuja. Kazi imekuwa nyingi, Bwana Gitonga amekwenda kwao kupumzika na watu ni wachache. Mimi pia nilikuwa na mafua kidogo mwezi uliopita, yamekwisha. Mwambie Mzee Sefania anivumilie hadi Pasaka. Ng'ombe atanenepa zaidi.

Rehema msalimu mara nyingi. Viatu vipo, vimekaa kabatini. Na yeye na wewe mvae barakoa, hata kitambaa tu kitasaidia. Najua mtanicheka.

Mfuko ulifika. Asante sana.

Aron


Mgwashi
17 Januari 2021

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilikuwa fupi mpaka Mama akauliza kama ukurasa mwingine umedondoka njiani. Nilikutumia chai nikakuomba jambo dogo, ukanijibu "mfuko ulifika". Mfuko najua utafika, ulikuwa na miguu ya lori. Mzee Sefania amekasirika kwa Krismasi, lakini amekasirika huku anakutetea. "Kijana anashika kazi," anasema. Mkwe kama huyo utampata wapi?

Sasa nikueleze, maana moyo wangu hautulii na shemeji yako amechoka kunisikiliza. Vifo vimekuwa vingi. Bumbuli wamezika mwalimu na mkewe wiki moja. Soni hivyo hivyo. Msibani ukiuliza marehemu aliumwa nini, unaambiwa nimonia, presha, changamoto ya upumuaji. Halafu wote tunainamia sinia moja la chakula. Wachungaji wametangaza tusishikane mikono. Watu wamerudi kwenye mvuke, kila nyumba inachemsha mkaratusi na mchaichai, Mama amejifukiza ndani ya blanketi mpaka karibu azimie. Nilimvuta nje anapigana.

Kiwandani meneja amekumbuka amri yake. Mlangoni vikohozi ni vingi kuliko mwaka jana na sina tena ule uhakika. Wiki hii mmoja alikohoa mbele yangu, nikamwambia akohoe tena, akakohoa, nikamwambia tena. Akalia. Ana watoto wanne. Nikasema pita.

Na Rehema. Tangu Ijumaa anakohoa kidogo, cha chai kabisa, hana homa, anakula. Ila ameniambia kitu kimoja. Alipofungua gunia, chai haikumnukia. Akachukua kitunguu nyumbani akakikata, nacho hakikunukia. Nimemcheka, nikamwambia mchekechaji yeyote pua yake hufa ganzi, mimi mwenyewe chai niliacha kuinusa miaka mingi. Lakini hakuridhika. Amesema nikuulize wewe, kwa vile huko mnaambiwa mambo: je, kuna watu wa ugonjwa huu ambao pua zao zilikufa? Anataka kujua kwa sababu analala chumba kimoja na wazee wake, ile nyumba yao unaijua, na ndiye anayemkanda baba yake kifua jioni. Akijua ni ugonjwa atahamia kwangu.

Timotheo anaondoka kesho na atarudi na gari baada ya siku chache. Simu nimejaribu, mtandao haushiki, kwa hiyo nijibu kwa mkono wake bila kukosa.

Modesta


Changamwe
20 Januari 2021

Dada Modesta,

Shikamoo. Naandika Timotheo akiwa amesimama mlangoni, injini inanguruma.

Mwambie Rehema asiogope. Hilo la pua ni vumbi, kama ulivyomwambia. Mimi nilipokuwa humo ilinipata pia, ikarudi yenyewe. Huku sijasikia mgonjwa wa namna hiyo.

Lakini Dada, mtoe chumba cha kuchekecha. Mtoe leo. Mwambie ni mimi nimesema. Apumzike, anywe maji ya moto na tangawizi, afungue dirisha wanapolala. Hata akikaa kwako siku kadhaa si vibaya, mseme anakusaidia kushona. Msimwambie mzee sababu, atapata hofu bure, na ninyi mnajua akisikia neno ugonjwa atakavyoanza kuuliza na mimi huku niko vipi, na harusi itaingia maneno. Ni vumbi. Mimi nasema tu apumzike.

Salamu kwa Mama.

Aron


Mgwashi
14 Machi 2021

Aron,

Mama hajambo. Watoto hawajambo. Mimi ni mzima wa mwili.

Habari ya kifo cha Mzee Sefania nilikupa kwa simu kutoka Bumbuli siku ile ile, na ulilia, nilikusikia. Sikuweza kusema zaidi, watu walikuwa wamenizunguka. Rambirambi zako zilifika na zilisomwa. Leo nakueleza yaliyobaki, na nataka usome hadi mwisho ukiwa umekaa.

Barua yako ya Januari nilimsomea Rehema mwenyewe, pale nyuma ya jikoni kwao. Nilipofika kwenye "ni vumbi" uso wake ulifunguka. Akasema, "Basi ni vumbi." Yale mengine uliyoandika, kumtoa kiwandani, kuja kwangu kushona, tuliyaona ni wasiwasi wa mchumba. Tukakutania. Asubuhi yake akaja kazini, akakohoa mlangoni, nami nikasema pita. Jioni akaenda kumkanda baba yake.

Mzee alianza homa wiki iliyofuata. Mwanzo alisema ni baridi yake ya kawaida, akakataa hospitali. Tulipomfikisha Bumbuli alikuwa anavuta hewa kwa mabega. Oksijeni ilikuwa ya kusubiri, na aliyekuwa mbele yake alikuwa mama wa watoto wadogo. Mzee aliona. Akamwambia Rehema, "Mpeni huyu kwanza." Hakusema neno jingine refu baada ya hilo. Tulizika asubuhi, watu wachache, jeneza halikufunguliwa. Ng'ombe yule alichinjiwa msibani.

Jumanne iliyopita Timotheo alifika kutoa pole, hakuwa amefika tangu msiba. Tulikuwa sebuleni, mimi, mama yake Rehema, na wanawake wa jumuiya. Rehema alikuwa anamimina chai. Unamjua Timotheo, hawezi kuona watu wamenuna. Akaanza kuchekesha. Akasema, "Huyu mkwe wenu Aron ana vituko jamani. Mwezi wa kumi na moja nilifikia kwake, akanipikia ile chai ya dada yake. Birika lilikuwa limeingia mafuta ya taa! Mimi nikaitema hadi ukutani. Yeye anakunywa tu, anajilamba, ananiambia, kunywa bwana, chai ya kwetu hii. Kumbe hanusi kitu! Wamempima yeye na yule mwonjaji wao mkubwa, wote wanao ule ugonjwa. Akanishika mkono nisiseme huku, eti mzee akisikia atavunja harusi."

Wanawake wawili wakacheka. Kisha wakaacha, kwa sababu Rehema alikuwa bado anamimina na kikombe kilikuwa kimejaa, chai inamwagika mezani.

Akamwuliza taratibu, "Mwezi wa kumi na moja?"

Timotheo akasema ndiyo, kabla ya Krismasi, wakati ule uliotuandikia kwamba ulikuwa na mafua. Halafu akamwangalia mmoja mmoja wetu, masikini, hakujua alichokiangusha. Namsikitikia. Alikutunzia siri kadiri alivyoweza, akaitoa akidhani sababu ya kuificha imeondoka na mzee.

Sitajifanya kwamba ni wewe tu. Mlangoni nilikuwa mimi. Niliyejigamba kwa meneja ni mimi, na sikio hili ndilo lililosema pita. Nimemwambia meneja simjui tena anayekohoa chai na anayekohoa kifo, na wote wanaokohoa warudi nyumbani, na yeye atafute pa kupata posho zao. Amenitoa chumbani. Sasa nachuma nje na mvua inaninyeshea, na wale wanawake niliokuwa daktari wao wananipita bila kunisalimu kwa sababu mwenzao mpya wa mlangoni anawarudisha nyumbani. Haya ni yangu, nitayabeba.

Lakini mimi sikujua, Aron. Nilidhani najua, na nitaulizwa kwa hilo. Wewe ulijua. Uliandika "sijasikia mgonjwa wa namna hiyo" na mgonjwa mwenyewe ndiye alikuwa ameshika kalamu. Kisha ukaniagiza nimtoe, nimhamishe, nifungue madirisha, kila kitu isipokuwa sababu. Nimesoma barua ile mara nyingi nikitafuta mahali ambapo ningeweza kuelewa. Nina hasira na wewe kiasi kwamba nikikuona sijui kama nitakukumbatia au nitakupiga. Uliogopa kumpoteza. Nalijua hilo. Kila mtu hapa anaogopa kumpoteza mtu.

Kuhusu harusi sijamwuliza, na usinitume kumwuliza. Mama yake anashinda amekaa upande wa kitanda ambao mzee alikuwa analala. Mchungaji atakuandikia kuhusu hilo la harusi.

Wageni walipoondoka Rehema alifuta meza. Akaniambia, "Ningehamia kwenu tu, dada. Baba angelalamika kwamba Mama anapika bila chumvi. Wiki mbili angelalamika, basi." Alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na sikumzuia.

Nilimwuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Nilidhani atasema usije, au atatukana, nami ningeandika kila neno. Alifikiri kwanza, kisha akaniambia:

"Mwambie kulikuwa na watu wengi wa kuwauliza. Nilimwuliza yeye kwa sababu nilijua hatanidanganya."

Dada yako,
Modesta